Familia ya Sox kwenye jenomu ya chura: kila jina na ushahidi wake

Uchambuzi wa familia nzima ya jeni ni mojawapo ya kazi chache za bayolojia ya kisasa ambazo mwanafunzi wa uzamili aliye Maseno, Kakamega au Kisumu mjini anaweza kuzikamilisha kwa kiwango kile kile cha mwenzake aliye Ulaya. Hahitaji mashine ya mamilioni. Anahitaji laptopu yenye RAM ya gigabaiti 16, mfumo wa Linux, bando la kupakua faili chache, na subira. Data ziko wazi kwa kila mtu na programu zote muhimu ni za bure.

Wepesi huo huo ndio unaoharibu kazi. Programu hutoa orodha ya jeni kwa dakika chache, na wengi huichukua orodha hiyo kuwa ndiyo matokeo: wanahesabu, wanachora mti wa nasaba, wanaupaka rangi, kisha wanaandika kwamba spishi fulani ina jeni kadhaa za familia fulani. Kwa vyura, idadi hiyo peke yake haisemi kitu. Jenomu za baadhi yao, yaani DNA yao yote, zimejirudufu na kupoteza vipande, na majina ya jeni zao yalitolewa kwa miongo kadhaa na maabara mbalimbali ambazo hazikuwa zikiona jenomu nzima. Kazi yenyewe ni kuonyesha, jeni moja baada ya nyingine, kwa nini hii imepewa jina hili na si lile.

Tutatumia familia ya Sox, ambayo ni familia ya vidhibiti vya unukuzi, kama mfano. Ni ndogo kiasi cha kushikika, inaongoza mambo makubwa ya ukuaji wa kiinitete, na ina karibu kila mtego ambao mchambuzi atakutana nao kwenye familia nyingine.

Kwa asiyeishi na mambo haya kila siku: kidhibiti cha unukuzi ni protini inayoshika DNA mahali maalumu na kuamua jeni ipi isomwe, lini, na kwenye seli ipi. Cha kwanza kusafishwa na kueleweka vizuri kwa viumbe wenye seli zenye kiini kilitoka kwa chura. Ni TFIIIA, iliyotolewa kwenye mayai machanga ya Xenopus laevis, ambayo huwasha jeni za RNA ya 5S. Majaribio ya mwaka 1980 yaliyoonyesha kwamba swichi ya jeni hizo iko katikati ya jeni yenyewe yalifanywa kwa DNA ya Xenopus borealis, chura wa nyanda za juu za Kenya aliyeelezwa kisayansi mwaka 1936 kutokana na vielelezo vya Marsabit. Mwaka 1985 kundi la Aaron Klug lilionyesha kwamba TFIIIA ina sehemu 9 zinazojirudia, kila moja ikishikiliwa na zinki. Hivyo ndivyo vile vidole vya zinki ambavyo leo vinajulikana kwenye mamia ya protini za binadamu. Mwanafunzi wa Kenya anayechambua vidhibiti vya vyura hajavamia uwanja wa wageni.

Chura gani, faili gani

Anza na Xenopus tropicalis. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2010. Ina jozi 10 za kromosomu, haijarudufiwa, na toleo lake la 10 lina urefu wa karibu besi bilioni 1.45. Xenopus laevis, ambayo jenomu yake ilichapishwa mwaka 2016, ni kazi nyingine kabisa. Huyu alitokana na spishi mbili zilizotengana miaka milioni 34 hivi iliyopita, kisha zikazaliana na kuunganisha jenomu zao zote mbili miaka milioni 17 au 18 iliyopita. Leo ana jozi 18 za kromosomu, si 20, kwa sababu ya 9 na ya 10 ziliungana. Kromosomu zake zinakwenda kwa jozi za ndefu na fupi: 1L na 1S, 2L na 2S, hadi 9_10L na 9_10S. Ni kama boma moja lenye nyumba mbili, kila nyumba ikiwa na Otieno wake aliyeitwa kwa jina la babu yule yule. Ukiandika "sox2" tu kwa laevis hujasema ni Otieno yupi. Andika sox2.L au sox2.S.

Zaidi ya nusu ya jeni za asili, karibu asilimia 56, bado zina nakala zote mbili. Zilizopotea zimepotea zaidi upande wa S. Jeni za vidhibiti vya unukuzi hubaki zikiwa mbili mbili kuliko jeni nyingi nyingine, kwa hiyo tarajia jeni za Sox za laevis zikaribie mara mbili ya zile za tropicalis bila kufika. Zikizidi mara mbili, kuna kosa mahali, au kuna jeni iliyojirudufu papo hapo kwenye kromosomu, na lazima useme ni lipi kati ya hayo mawili.

Faili za kupakua ni nne kwa kila spishi: protini, RNA zilizonakiliwa, maelezo ya mahali jeni zilipo (GFF3), na jenomu yenyewe. Zote zinapatikana kwenye hazina za data za Xenbase na NCBI. Tatu za kwanza ni nyepesi. Jenomu ya tropicalis ikiwa imebanwa ni karibu nusu gigabaiti, ya laevis inakaribia mara mbili ya hapo. Tumia `wget -c` ili upakuaji uendelee pale ulipokatika mtandao ukipotea, kisha hakiki kwa `md5sum`. Faili lililokatika katikati ni hatari kuliko lisilofunguka kabisa: programu italisoma bila kulalamika na jeni za mwisho zitakosekana. Andika toleo la jenomu na tarehe ya maelezo kwenye mstari wa kwanza wa daftari lako la kazi. Kitambulisho cha jeni hubadilika toleo hadi toleo, na anayechanganya protini za toleo la 9 na GFF3 ya toleo la 10 atapata jeni zinazoonekana kukaa katikati ya jangwa la kromosomu.

Kabla ya utafutaji wowote, baki na protini moja kwa kila jeni. Jeni moja, kama sox5 au sox6, inaweza kuwa na protini nyingi kwenye faili kwa sababu eksoni zake, yaani vipande vya jeni vinavyobaki kwenye RNA, huunganishwa kwa njia tofauti. Ukiziacha zote, utahesabu jeni moja mara nyingi. Desturi ni kuchukua ndefu zaidi. Inatosha kwa mti, ingawa kwa utafiti wa eksoni ni vizuri uangalie pia ile inayotumika zaidi kwenye data za RNA.

Boksi la HMG na wapangaji wake

Kinachowaunganisha Sox ni boksi la HMG, sehemu ya asidi amino karibu 79 inayoingia kwenye mfereji mdogo wa DNA na kuikunja. Jina la familia limetokana na SRY, jeni ya uanaume ya mamalia iliyotambuliwa mwaka 1990. Binadamu wana jeni 20 za Sox, zikiwa kwenye makundi yenye herufi: A ni SRY mwenyewe, B1 ni sox1, sox2 na sox3, B2 ni sox14 na sox21, C ni sox4, sox11 na sox12, D ni sox5, sox6 na sox13, E ni sox8, sox9 na sox10, F ni sox7, sox17 na sox18, G ni sox15, H ni sox30.

Utafutaji hufanywa kwa HMMER, programu inayotafuta protini zinazolingana na modeli ya takwimu, ukitumia modeli ya boksi hilo, PF00505. Tovuti ya Pfam, hazina ya modeli hizo, haisimami tena peke yake, modeli zake sasa ziko ndani ya InterPro. Amri yenyewe ni fupi: `hmmsearch --cut_ga --domtblout sox.tbl PF00505.hmm protini.fa`. Chaguo la `--cut_ga` linatumia kizingiti kilichowekwa na watunzaji wa modeli, na ni bora kuliko kubuni thamani ya E (idadi ya matokeo yanayotarajiwa kwa bahati tu), ambayo hubadilika kulingana na ukubwa wa faili lako.

Matokeo yatakuja na umati. Boksi la HMG lina wapangaji wengi ambao si Sox: tcf7, tcf7l1, tcf7l2 na lef1 wa njia ya Wnt (mfumo wa ishara kati ya seli), hmgb1 hadi hmgb3 wenye maboksi mawili, ubtf yenye maboksi kadhaa, tfam wa mitokondria, familia ya tox, cic, bbx, hbp1, smarce1, pbrm1, hata kmt2c na kmt2d. Anayehesabu kila kilichopita kizingiti ataandika kwamba chura ana Sox nyingi kupita kiasi, na huwa inachapishwa hivyo.

Kuwachuja, angalia mambo mawili pamoja. Kwanza, Sox ina boksi moja tu. Pili, mwanzoni mwa boksi kuna mfuatano RPMNAFMVW, ambao karibu Sox wote wanao, wakiwa na tofauti ya herufi moja au mbili. Hapa tunasisitiza neno karibu. sox30 imetofautiana kiasi, na ukitumia mfuatano huo kama kisu cha kukatia bila kuangalia kwa macho utaitupa jeni halali. Ulinganishe pia kwa BLASTP (programu ya kulinganisha protini na protini) dhidi ya Sox 20 za binadamu, halafu urudi kinyume: chukua protini ya chura, itafute kwenye protini zote za binadamu, na uone kama inayoongoza ni Sox au ni TCF.

Kuna mtego mwingine wa kijinga lakini wa kawaida sana. Kwenye faili nyingi maelezo ya sox2 yanasomeka "SRY-box transcription factor 2". Mtu anatafuta neno SRY kwa maandishi, anapata mistari mingi, na anaandika kwamba chura ana SRY. Hana. SRY ni ya mamalia wa kweli, ilitokana na sox3, na vyura huamua jinsia kwa njia nyingine. Kwa laevis, kinachoamua ni dm-w, jeni iliyoripotiwa mwaka 2008, iliyoko kwenye kromosomu W ya jike, ambayo imo 2L. Hiyo ni ya familia nyingine ya vidhibiti, ile ya DMRT: ni kipande cha dmrt1 chenye uwezo wa kushika DNA lakini kisicho na sehemu ya kuwasha jeni, kwa hiyo hukaa mahali pa dmrt1 na kuizuia. tropicalis hana dm-w. Na ukichambua jenomu iliyotoka kwa dume mwenye ZZ, yaani asiye na W, hutaipata hata utafute vipi, jambo ambalo linapaswa kukufanya uulize jinsia ya mnyama aliyesomwa kabla ya kuandika kwamba jeni imepotea.

Sasa upande wa pili, jeni zilizopo lakini hazikuonekana. Makundi B na C kwa kawaida hayana introni (vipande vinavyokatwa kwenye RNA na kutupwa) ndani ya sehemu inayotafsiriwa kuwa protini. Makundi D, E na F yana introni, na kwa E na F introni moja hukata boksi la HMG katikati. Programu ya kutabiri jeni ikikosa eksoni moja, utabaki na nusu boksi, herufi 30 au 40, na HMMER italipa alama ndogo. Kila kilicho chini ya herufi 60 usikitupe. Kichukulie kama jeni inayosubiri kuchunguzwa. Fungua eneo hilo kwenye kivinjari cha jenomu, uone kama kuna mfululizo wa N, yaani pengo la usomaji. Jeni nyingi za Sox zina G na C kwa wingi, na maeneo ya namna hiyo husomeka vibaya. Kisha endesha `tblastn` (hulinganisha protini na DNA) ya boksi la spishi jirani moja kwa moja kwenye jenomu, ambapo makosa ya maelezo ya jeni hayakufikii. Ukipata boksi zima lisilo na jeni iliyoandikwa, umeokoa jeni. Ukipata boksi lenye alama za kusimama katikati, hiyo ni jeni mfu, nayo pia ina haki ya mstari wake kwenye jedwali, hasa kwa S ya laevis ambako upotevu ndio habari yenyewe.

Mti, na majirani

Upangaji sambamba fanya kwa MAFFT kwa njia ya L-INS-i, ambayo ni ya polepole lakini kwa mifuatano isiyofika 200 haichukui muda wa kukuchosha. Mti jenga kwa IQ-TREE: `iqtree2 -s hmg.aln -m MFP -B 1000`. Sehemu ya MFP inachagua modeli yenyewe, usiilazimishe. Weka tcf7 na lef1 kama kundi la nje ili mti upate mzizi. Kwa anayefanya kazi mahali stima inapopotea bila taarifa, IQ-TREE ina wema mmoja mkubwa: huhifadhi hatua zake kwenye faili la `.ckp.gz`, na ukirudia amri ile ile itaendelea ilipoachia.

Namba za uthabiti wa matawi zinazotolewa na `-B`, yaani bootstrap ya haraka, si sawa na zile za bootstrap ya zamani. Kwa bootstrap ya kawaida watu wameridhika na 70. Kwa hii, chini ya 95 usilitegemee tawi. Na hapa ndipo herufi 79 zinapoonyesha udogo wake. Zinatosha kutenganisha makundi, lakini hazitoshi kusema kwa uhakika kama sox8 imekaribiana na sox9 kuliko sox10, wala makundi yalifuatana vipi. Mti wa boksi peke yake utakupa matawi ya ndani yenye 50 na 60. Usiyapambe. Jenga mti wa pili kwa kila kundi, ukitumia protini nzima, kwa sababu ndani ya kundi sehemu za nje ya boksi zinalingana vya kutosha. Kati ya makundi hazilingani, na kuzilazimisha zilingane ni kutengeneza nasaba ya uongo.

Mti ukigoma, waulize majirani. Jeni hukaa kwenye kromosomu zikiwa na majirani wale wale kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kwa binadamu, SOX17 imepakana na RP1, SOX9 ina KCNJ2 na KCNJ16 upande mmoja, SOX10 iko karibu na POLR2F na PICK1, SOX15 iko karibu na FXR2 na TP53. Chukua jeni tano kushoto na tano kulia za kila Sox ya chura, uzilinganishe na za binadamu, kuku na samaki. Majirani watatu wakilingana, una ushahidi ambao hauna uhusiano wowote na upangaji wa mifuatano, na ushahidi wa aina mbili tofauti ukikubaliana ndipo jina linasimama.

Majirani ndio wanaotatua suala la "SoxD" ya vyura. Mwaka 1998 ilielezwa jeni ya laevis inayohitajika kwa utengenezaji wa neva za mbele, ikaitwa SoxD. Haimo kwenye kundi D. Iko kundi G, pamoja na sox15 ya mamalia. Anayekusanya makala za zamani na kuziunganisha na orodha mpya kwa kufuata majina ataiweka pamoja na sox5 na sox6, na mti utamkatalia bila yeye kuelewa kwa nini.

sox17 nayo inahitaji mkono mwepesi. Vyura wana sox17a na sox17b mahali ambapo sisi tuna SOX17 moja, na nakala hizo zimekaa jirani kwenye kromosomu. Nakala zinazofanana sana na zilizo bega kwa bega ndizo ambazo programu ya kuunganisha jenomu hupenda kuzibana ziwe moja, au kuziandika kama jeni moja ndefu ya ajabu. Dalili ya kwanza: protini moja yenye maboksi mawili ya HMG wakati Sox inapaswa kuwa na moja. Dalili ya pili: usomaji wa DNA uliorundikana mara mbili ya wastani kwenye eneo hilo. Katika laevis ongeza L na S juu yake. Hapo mti peke yake huwa unadanganya, kwa sababu nakala jirani hubadilishana vipande na kufanana zaidi na jirani kuliko na ndugu yake halisi kwenye kromosomu nyingine. Jina lipe kwa mahali ilipo, halafu ueleze tofauti ya mti.

Kulinganisha L na S kwa uwiano wa mabadiliko yanayobadilisha asidi amino na yale yasiyobadilisha ni hatua fupi. Panga protini kwanza, kisha ugeuze kuwa kodoni (herufi tatu tatu za DNA) kwa PAL2NAL, usipange DNA moja kwa moja. Karibu kila jozi ya Sox itatoa uwiano chini kabisa ya 1, maana yake uteuzi asilia unazilinda zote mbili. Usiandike kurasa tatu juu ya hilo. La kuvutia ni pale boksi limelindwa kikamilifu huku mkia wa protini ukiwa umelegea kwenye S, kwa hiyo kokotoa sehemu hizo mbili mbalimbali.

Jeni inafanya kazi wapi

Data za RNA za viinitete vya Xenopus zipo kwa wingi, zimepangwa kwa hatua za ukuaji za jedwali la Nieuwkoop na Faber, ambalo huenda kutoka 1 hadi 66. Tumia Salmon, programu inayokadiria wingi wa RNA ya kila jeni, juu ya RNA zilizonakiliwa, inakwenda vizuri kwenye laptopu. Sampuli moja ghafi inaweza kuwa na gigabaiti kadhaa, kwa hiyo afadhali kutumia seva ya bure ya Galaxy ambayo hupakua data upande wake, na wewe uchukue jedwali la TPM (kipimo cha wingi wa RNA) tu.

Kabla ya kusifia ramani ya rangi, hakikisha inaonyesha yale ambayo tayari yanajulikana. RNA ya sox3 inapaswa kuwepo hata kwenye yai, kwa sababu mama ndiye anayeiweka. Kiinitete cha laevis hugawanyika mara 12 kabla jenomu yake yenyewe haijawaka kwa nguvu, na sox3 pamoja na pou5f3 ni miongoni mwa protini za mama zinazofungua kromatini (DNA iliyofungwa pamoja na protini) ili jenomu iwake. sox17 inapaswa kupanda kwenye endodemu, chini ya amri ya vegt. sox2 ipande sahani ya neva inapotokea. sox9 na sox10 zije na seli za kingo za neva. Kama sox10 yako iko juu kwenye yai, umechanganya majina ya sampuli au usomaji wako umeangukia jeni jirani ya kundi E.

Kuchanganya L na S ni tatizo la kweli hapa. Boksi la HMG la nakala hizo mbili mara nyingi linafanana herufi kwa herufi au karibu, na kipande cha RNA cha besi 100 kilichotoka ndani ya boksi hakiwezi kujua kimetoka wapi. Salmon itakigawa kwa makadirio. Makadirio hayo ni mazuri kama mkia usiotafsiriwa wa jeni umeandikwa kikamilifu kwenye faili la RNA, kwa sababu mkia huo ndio unaotofautiana zaidi. Kama mkia wa sox8.S umekatwa kwenye maelezo, S itaonekana imezimika. Angalia urefu wa RNA zote mbili kabla ya kudai kwamba nakala moja imenyamaza.

Utabiri wa mahali Sox inaposhika DNA ndiyo sehemu tunayoshauri iachwe, au iandikwe kwa tahadhari kubwa. Boksi hupenda mfuatano wa aina ya AACAAAG, ambapo nafasi tatu kati ya saba zinaweza kuwa A au T. Piga hesabu: kwa bahati nasibu tu mfuatano huo hutokea mara moja kila besi 2048 kwenye uzi mmoja, yaani mara moja kila 1024 ukihesabu nyuzi zote mbili. Besi 2000 za mbele ya jeni yoyote, hata isiyohusika, zitakuwa na karibu mahali pawili. TCF nao hukubali mfuatano unaofanana. Orodha ndefu ya "malengo" iliyopatikana hivyo si matokeo mpaka iungwe mkono na data za ChIP (kipimo cha mahali protini imeshika DNA ndani ya seli) au za kromatini iliyofunguka.

Ukiingia maabara kuthibitisha kwa qPCR (kupima wingi wa RNA kwa kukuza nakala zake za DNA), vianzio, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia ukuzaji, viwe nje ya boksi, kipande kiwe kati ya besi 80 na 150, joto la kushikana karibu nyuzi 60, na kila jozi ijaribiwe kwa kompyuta dhidi ya L na S zote mbili. Kwa makundi B na C kuna jambo ambalo halisameheki. Kwa kuwa hayana introni, huwezi kuweka vianzio kwenye eksoni mbili tofauti, na DNA chafu iliyobaki kwenye RNA yako itakuzwa ikiwa na urefu ule ule wa cDNA (DNA iliyotengenezwa kutoka RNA). Tumia DNase, kimeng'enya cha kuvunja DNA, na kwa kila sampuli endesha bomba lisilo na kimeng'enya cha kugeuza RNA. Likitoa ishara ndani ya mizunguko mitano ya sampuli halisi, sampuli hiyo itengenezwe upya. Jeni ya kulinganishia iwe odc1, na uilinganishe na nyingine angalau moja, kwa sababu hatua za mwanzo za kiinitete hubadilisha viwango vya karibu kila kitu.

Kwetu huku Magharibi mwa Kenya kuna Xenopus victorianus, chura wa bonde la Ziwa Victoria mwenye kucha nyeusi, ndugu wa karibu wa laevis na mwenye kromosomu 36 kama yeye. Yupo kwenye Msitu wa Kakamega. Jenomu ya laevis ndiyo ya kumpimia, na maboksi ya HMG yatalingana vizuri. Mikia ya jeni haitalingana vya kutosha, kwa hiyo usinunue vianzio vya qPCR kwa kuangalia laevis peke yake. Soma kwanza kipande cha victorianus mwenyewe, kwa L na S. Kabla ya kumgusa mnyama, pata leseni ya utafiti ya NACOSTI, idhini ya KWS (shirika la wanyamapori), na kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) cha kutumia rasilimali za kijenetiki. Anza mapema, kwa sababu kimoja hudai kingine. Tishu za DNA zikae kwenye ethanoli ya asilimia 95. Za RNA ziingie kwenye RNAlater, dawa ya kuhifadhi RNA, papo hapo, zikiwa zimekatwa vipande visivyozidi nusu sentimita kwa unene, la sivyo dawa haifiki katikati na katikati huoza.

Ukipata mayai, usihesabu hatua za ukuaji kwa saa. Jedwali la Nieuwkoop na Faber, la mwaka 1956, lilitengenezwa kwa nyuzi 22 hadi 24, na kwa joto hilo laevis hufika hatua ya 10, pale gastrula inapoanza (seli zinapoanza kuingia ndani), baada ya saa 9 hivi. Chumba cha kawaida Kisumu mchana hupita nyuzi 28. Kiinitete kitakuwa mbele ya saa yako, au kitakuwa kimeanza kuharibika kwa joto, na sox17 uliyoitarajia kwenye hatua ya 10 utaipima kwenye hatua ya 12. Weka beseni la maji yenye kipimajoto, uyapoze kwa chupa za barafu zinazobadilishwa, andika joto kila saa, na uchague viinitete chini ya hadubini kwa umbo la mdomo wa blastopori, tundu ambalo seli huingilia: ukiwa mstari mfupi wenye rangi nyeusi ni hatua ya 10, ukiwa umezunguka na kukamilisha duara ni ya 11, na duara hilo likisinyaa na kubakiza plagi ndogo ya kiini cheupe uko kwenye ya 12.